Hasara Ikija, Hubebwa na Nani?

Juma lililopita nilipanda kifodi kutoka Tengeru kuja mjini, na njia nzima watu wanne waliokaa kiti cha nyuma walikuwa wakibishana juu ya fedha. Hawakuwa matajiri. Mmoja alikuwa na mfuko wa saruji miguuni, mwingine amepakata debe la mayai. Walichobishania ni hiki: mtu mwenye shilingi milioni tano leo azitie wapi ili zizae? Wa kwanza alisema dhahabu, kwa kuwa mwaka 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia. Wa pili alitaja hati fungani za serikali. Wa tatu, mwenye mayai, alisema watu warudi kwenye kahawa, kwani Februari 2025 bei yake huko New York ilipita dola nne kwa ratili moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Wa nne aliwacheka wote, akasema fedha ya sasa ni parachichi.

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya namna hiyo yamejaa duniani kote hivi sasa. Makampuni makubwa ya Marekani yanamwaga mabilioni ya dola kwenye kile kinachoitwa akili mnemba. Wengine wanakimbilia dhahabu kwa kuwa wanaogopa vita na ushuru mpya wa forodha. Wengine wanatafuta madini ya betri za magari ya umeme. Mabingwa wa uchumi nao wanaandika vitabu vizima juu ya hatari zinazowakabili wenye mitaji.

Lakini katika kifodi kile, mpaka nashuka, hakuna aliyeuliza swali ambalo mlima huu wa Meru umekuwa ukiwauliza watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mpango ukienda mrama, hasara itaangukia nani? Maana mtaji una miguu. Ukiona mambo yameharibika, hufunga virago na kwenda zake. Asiyeweza kuondoka ndiye hubaki na bili mkononi. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame juma hili, kwa kupita katika historia ya mji wetu.

Tuanze na Wajerumani, ingawa hatutakaa nao sana. Boma lao, ambalo leo ni jumba la makumbusho, lilijengwa karibu na mwaka 1900. Mara baada ya hapo serikali yao ikaanza kugawa ardhi nzuri iliyouzunguka mlima kwa walowezi: Wajerumani wenyewe, na Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Kwa lugha ya leo tungesema walikuwa wawekaji vitega uchumi waliovutiwa kwa masharti nafuu. Ardhi karibu ya bure, maji ya mlimani na nguvu kazi iliyolazimishwa. Nani angekataa?

Walichosahau kukipigia hesabu ni vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, mashamba ya Wajerumani yakahesabiwa kuwa mali ya adui, yakanadiwa, na Waingereza, Wagiriki na wengineo wakayanunua. Kuanzia mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, wakarudi, wakanunua tena, wakapanda tena kahawa. Mwaka 1939 vita ya pili ikazuka na wakanyang'anywa kwa mara ya pili. Katikati ya vita hizo mbili yalitokea mengine. Reli iliyokuwa imeishia Moshi ilifikishwa Arusha mwaka 1929, kila mwenye shamba akashangilia kwamba sasa kahawa yake itafika Tanga kwa gharama ndogo. Oktoba ya mwaka huo huo soko la hisa la New York likaanguka, na bei ya kahawa ikaanguka nalo. Garimoshi lilifika, lakini mzigo wake ulikuwa umepoteza thamani.

Sasa tufike Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, maana hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa chungu. Baada ya vita ya pili serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba eneo la Engare Nanyuki liwe sehemu ya ukanda mmoja wa walowezi wa Kizungu, wafuge ng'ombe wa kisasa. Ilikuwa ni mipango ya maendeleo, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi. Tatizo lilikuwa moja tu: Wameru walikuwa wanaishi pale.

Novemba 1951 askari walikwenda wakawatoa. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, wakaambiwa wahamie King'ori. Wengi walikataa kwenda huko. Wameru walichanga fedha, na fedha ya Wameru wa wakati ule ilikuwa ni ya kahawa na mazao mengine ya vihamba vyao, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York. Mwaka 1952, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akawaeleza wakubwa wa dunia kilichotokea nyuma ya mlima wake. Alikuwa Mtanganyika Mwafrika wa kwanza kufikisha malalamiko kule ana kwa ana.

Hakupewa alichoomba. Azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Hata hivyo, kesi ile iliwaamsha Watanganyika wengi, na miaka tisa baadaye bendera ya Kiingereza ikashushwa. Ranchi zile za kisasa hazikustawi kama ilivyoahidiwa, na Wameru wakarudi Engare Nanyuki.

Ninapoifikiria kesi ile huwa nailinganisha na jambo jingine la wakati huo huo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa, na kufuta pauni milioni 36 zilizokuwa zimeteketea kule. Fedha hizo zililipwa na walipa kodi wa Uingereza. Walinung'unika bungeni na magazetini, wakalipa, wakaendelea na maisha. Hakuna nyumba ya mtu iliyochomwa London kwa ajili ya karanga. Huku kwetu, kwa mradi mdogo zaidi, gharama ilitangulia kulipwa na watu 3,000 hata kabla ng'ombe wa kwanza hajakamuliwa.

Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa mji huu. Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na siku iliyofuata mabenki yakawa mali ya umma. Juni ukatiwa sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu yakaletwa hapa kwetu. Na katika vilima vya Mererani ndipo yalipogunduliwa mawe ya buluu ambayo hayajapatikana mahali pengine popote duniani. Nitayarudia hayo mawe. Kwanza twende barabara ya Njiro, kwenye kiwanda cha matairi.

Wengi wenu, ndugu wasikilizaji, mnapita pale kila siku bila kugeuza shingo. Mimi nikiwa mtoto, mtu aliyefanya kazi General Tyre alikuwa mtu. Alikopeshwa dukani bila maneno. Kijana wake alivaa viatu shuleni. Dereva wa lori aliyetoka Mwanza au Mbeya aliijua Arusha kwa mlima na kwa matairi.

Historia ya kiwanda kile ina funzo ambalo silioni likisemwa mara nyingi. Mwaka 1964 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikubaliana huko Kampala kugawana viwanda, ili kila nchi iwe na vyake na viuze katika soko la nchi zote tatu. Kenya ilikuwa imetangulia mno kwa viwanda, na wenzake walikuwa wakilalamika. Katika mgawo ule matairi yaliangukia Tanganyika. Ilikuwa na mantiki, kwa sababu kiwanda cha matairi hakilipi kikiuza kidogo kidogo. Mashine zake ni za bei kubwa, na lazima zitoe mzigo mwingi ndipo gharama ya tairi moja ishuke.

Basi Tanzania ikaingia ubia na kampuni ya General Tire ya Marekani. Serikali ikachukua asilimia 74 ya hisa, Wamarekani wakachukua 26. Kampuni ikaundwa mwaka 1969, na matairi ya kwanza yakatoka miaka michache baadaye. Lakini Kenya haikuuidhinisha mkataba ule wa Kampala. Mwaka huo huo wa 1969 Nairobi iliingia mkataba na Firestone, kampuni nyingine ya Kimarekani, nayo ikajenga kiwanda chake cha matairi. Kwa hiyo Afrika Mashariki, ambayo soko lake lilikuwa linatosha kiwanda kimoja, ikawa na viwili.

Simlaumu Mkenya peke yake. Kila serikali hutazama watu wake kwanza, na watu wa Nairobi nao walitaka kazi. Nasema tu kwamba mtaji wa Arusha ulijengwa juu ya ahadi ya soko, na ahadi ile ilikuwa imeshapasuka kabla kiwanda hakijaanza kazi.

Mwaka 1977 ukawa mbaya zaidi. Jumuiya ikavunjika. Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na magari ya watalii na ndege kutoka Kenya yakazuiliwa upande wetu. Namanga, ambako tulizoea kuona misururu ya magari, pakanyamaza. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hesabu za General Tyre ziliharibika, lakini msisahau na wengine. Watalii wa Serengeti na Ngorongoro wakati ule walikuwa wakitua Nairobi na kuletwa kwa barabara. Mahoteli ya hapa yalijengwa kwa hesabu hiyo. Ofisi za Jumuiya zilikuwa na mamia ya wafanyakazi waliopanga nyumba, walionunua nyama, walioshonesha suti kwa mafundi wetu. Fahali wawili wanapopigana, ziumiazo ni nyasi, na katika mji huu nyasi zilikuwa ni mafundi cherehani, wahudumu wa hoteli na akina mama wa sokoni. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikubaliwa mwaka 1984 katika mkataba uliotiwa sahihi hapa hapa Arusha. Sijui fundi cherehani gani aliyekumbukwa katika mgawo ule.

Kiwanda kilijikongoja. Mwaka 1987 General Tire yenyewe ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani, kwa hiyo Wajerumani wakawa wamerudi Arusha kwa mara nyingine, safari hii kwa asilimia 26. Likaja soko huria, na pamoja nalo matairi ya bei nafuu kutoka Asia, na mengine yaliyokwisha kutumika. Ilipofika mwaka 2009 mashine zilikuwa zimenyamaza. Mwenye asilimia 26 alikuwa na viwanda vingine katika mabara mengine, na hasara ya Arusha haikumkosesha usingizi. Mwenye asilimia 74 ni wewe na mimi. Tangu hapo tumesikia ahadi za kufufua kiwanda kutoka kwa viongozi wa awamu mbalimbali, na wafanyakazi wa zamani wamezeeka wakizisikia.

Sasa niseme juu ya kahawa, na hapa mtaniwia radhi nikimtaja mzee wangu.

Sisi huwa tunasema mwekezaji tukiwa na maana ya mtu aliyekuja na ndege. Mzee wangu alikuwa na ekari moja na nusu ya kihamba, upande wa juu wa barabara ya Moshi, na mibuni iliyopandwa na baba yake. Mbuni ukiupanda leo unangoja takriban miaka mitatu ndipo uanze kukupa kitu. Katika miaka hiyo unapalilia, unapogoa, unapulizia mrututu, unanunua mbolea. Kama huko si kutega uchumi, basi sijui maana ya maneno hayo. Tena ni kutega kwa muda mrefu kuliko mabenki mengi yanavyoweza kuvumilia.

Kwa miaka mingi wakulima wa namna yake walikuwa na kinga ambayo hawakuijua. Nchi zinazouza kahawa na zile zinazoinunua zilikuwa na mkataba wa kimataifa uliogawa mafungu ya mauzo, ili kahawa isifurike sokoni. Bei ilikuwa ikichezea karibu na dola moja na robo kwa ratili. Mkulima alipeleka kahawa chama cha msingi, akapata malipo ya kwanza, kisha ya pili, na Mungu akijalia ya tatu. Malipo ya tatu ndiyo yaliyonunua bati.

Julai 1989 mafungu yale yalisimamishwa. Wakubwa hawakuelewana. Vita baridi ilikuwa inakwisha, na Marekani haikuona tena haja kubwa ya kuzibembeleza nchi maskini kwa bei ya kahawa. Katika miezi michache bei ilishuka karibu nusu. Ikapanda mwaka 1994, baridi kali ilipochoma mibuni ya Brazil, na ndio wakati huo huo wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia vijijini kwetu na fedha taslimu mkononi. Tukaona soko huria ni kitu kizuri. Mzee akanunua redio mpya. Halafu Vietnam, nchi ambayo hatukuwahi kuisikia katika mambo ya kahawa, ikapanda mibuni kwa wingi hata ikawa ya pili duniani baada ya Brazil. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei huko New York ilikuwa chini ya senti 50 kwa ratili.

Siku mzee aliyoanza kukata mibuni sikuwapo. Nilikuja nikakuta visiki. Hakusema neno juu yake, nami sikuuliza. Alipanda migomba zaidi na majani ya ng'ombe, akawa anauza maziwa, lita nane, lita kumi kwa siku, kwa majirani, kwa mwenye hoteli ya chai, kwa mama mmoja aliyeyapeleka mjini. Hakupata kuwa tajiri wa maziwa. Ila sikumsikia tena akiulizia bei ya New York.

Mfanyabiashara mkubwa wa kahawa ana njia za kujikinga. Anaweza kuuza leo, kwa bei ya leo, mzigo atakaoutoa baada ya miezi sita. Kuna soko maalumu la kazi hiyo huko New York. Bei ikianguka, yeye amekwisha funga bei yake. Hasara haipotei hewani, ndugu msikilizaji. Huhama kutoka kwa mwenye kinga kwenda kwa asiye nayo. Na kahawa ilipopanda mpaka dola nne mwaka 2025 kwa sababu ya ukame wa Brazil, wenye visiki walijiuliza kama wapande upya. Ukipanda leo, unauza baada ya miaka mitatu. Nani anajua mvua ya Brazil itakuwaje wakati huo?

Turudi Mererani, kama nilivyoahidi. Jiwe la tanzanaiti lilipewa jina hilo na Tiffany, wauza vito wa New York, mwaka 1968, nao ndio walioitangaza kwa matajiri wa kwao. Hiyo ilikuwa bahati yetu, na mtego wetu pia. Jiwe linatoka kwetu peke yetu, lakini mvaaji wake mkubwa alikuwa Mmarekani.

Novemba 2001, majuma machache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba biashara ya tanzanaiti inawasaidia wafuasi wa Osama bin Laden. Habari moja tu ya gazeti. Tiffany wakaacha kuiuza. Wauzaji wengine wakubwa, hata wale wanaouza vito kwa televisheni, wakafuata. Hapa Arusha nilikuwa kijana natafuta kazi, na nakumbuka jinsi mabroka walivyosimama katikati ya mji na mawe katika vikaratasi vilivyokunjwa, wanamtafuta mnunuzi ambaye hayupo. Mwanaapolo aliyekuwa chini ya ardhi, mita mamia kwa kwenda chini, hakulisoma gazeti lile wala hakujua kwamba limeandikwa. Alijua tu kwamba posho imekatika.

Februari 2002 ulifanyika mkutano huko Tucson, Marekani, ukaweka utaratibu wa kufuatilia jiwe kutoka mgodini hadi dukani, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikasema haijaona ushahidi kwamba magaidi wananufaika na tanzanaiti. Biashara ikafufuka polepole. Mimi ni mtu wa habari, na kisa kile hunirudia kila ninapokaa mbele ya kipaza sauti.

Mererani ile ile ina kisa kingine kidogo. Miaka ya 1990 kampuni ya Graphtan ilichimba pale madini ya kinywe, lakini ikafunga kabla ya karne kwisha, biashara haikulipa. Leo kinywe ndicho kinachotafutwa kwa betri za magari ya umeme, na wageni wanapishana Mahenge na Lindi wakikiulizia. Mwenye mtaji aliwahi mno, kwa miaka ishirini hivi. Kuwahi mno nako ni hasara, ingawa vitabuni huitwa kuona mbali.

Wenzetu wa maua nao wameonja. Mashamba ya maua yapo chini ya mlima huu, ambao wenyewe ni volkano iliyofuka kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Aprili 2010, karne moja kamili baadaye, volkano ya Iceland ilirusha majivu angani, viwanja vya ndege vya Ulaya vikafungwa siku kadhaa, na jirani zetu wa Kenya wakatupa maua kwa tani. Waliokatwa mshahara kwanza ni vibarua wa siku. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na watalii walioingia nchini wakapungua kutoka zaidi ya milioni moja na nusu mwaka uliotangulia hadi laki sita na kidogo. Waongozaji watalii wa mji huu waligeuka wauza mboga na waendesha bodaboda, nao hawakuwa na kosa lolote.

Kuna watakaoniambia kwamba hata wawekezaji wakubwa huumia kwa vitendo vya serikali. Ni kweli, na serikali zetu zina tabia ya kubadili sheria usiku. Lakini tazameni kinachofuata. Sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa, wanahisa wa kigeni wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill walikwenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Mwaka 2023 baraza likaamua walipwe zaidi ya dola milioni 100, na mwaka 2024 serikali ikakubaliana nao kulipa dola milioni 90. Ndivyo sheria ilivyo, na nchi iliyotia sahihi haina budi kulipa. Mwaka 2021 serikali iliamua kwamba biashara ya tanzanaiti ihamishwe kutoka Arusha ifanyike Mererani. Huenda zilikuwapo sababu nzuri, maana jiwe lilikuwa likitoroshwa mno. Lakini broka wa Arusha aliyekuwa amelipia pango la ofisi mwaka mzima, na fundi wa kukata mawe aliyekopa kununua mashine, walikwenda baraza gani la usuluhishi?

Nimekwisha kusema kwamba nilishuka kifodi bila kuuliza swali langu. Si kweli kabisa. Yule wa parachichi alishuka nami kituo kimoja, tukatembea pamoja mpaka njia panda. Ni jirani wa upande wa kwetu, ingawa tulikuwa hatujuani. Alinieleza kwa furaha kwamba amekwisha panda miche 160 ya parachichi za kigeni, zile ndogo zenye ganda gumu, na mwaka kesho kutwa zitaanza kuzaa. Kupata nafasi aling'oa migomba yote, na ng'ombe mmoja ameuza ili anunue miche.

Nikamwuliza, "Kaka, na mnunuzi?"

"Mnunuzi yupo," akasema. "Kuna mtu mmoja anakuja na lori."

Nikamwuliza tena kama amepata kuonana na huyo mtu. Akasema hajamwona, lakini namba yake ya simu anayo.